Mama Tituleri na Simu Zake Tatu

Hakupenda kuandika ujumbe. Kila alichotaka kusema alikisema kwa sauti, na kabla ya kubonyeza ile alama ya maikrofoni alisimama wima, akanyoosha koti lake jeupe, akakohoa mara moja. Ndipo alipoanza: "Bamama, ni miye." Jina hakulitaja, na hakuna mwanamke kati ya wale waliomsikiliza aliyewahi kuuliza ni nani. Alizungumza kwa dakika moja. Akizidisha alifuta yote, akaanza upya, kwa sababu alisema mwanamke mwenye mtoto mgongoni na moto jikoni hana dakika ya pili ya kumpa mtu.

Sisi tulimwita Mama Tituleri. Kwetu Kongo muuguzi anayesimamia kituo cha afya huitwa tituleri, na yeye alisimamia kituo kimoja cha mbao kilichosimama juu ya mawe meusi ya volkano, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Birere, mjini Goma. Nilifika hapo nikiwa na barua ya chuo mkononi. Nilikuwa natayarisha memware, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, na mada yangu ilikuwa jinsi programu za ujumbe za simu zinavyotumika kuhudumia wagonjwa walio mbali. Nilikuwa nimesoma makala mengi kiasi kwamba nilishindwa kulala vizuri kwa furaha. Kila juma lilitoka jambo jipya mahali fulani duniani: watu wakikumbushwa kumeza dawa kwa ujumbe, madaktari wakionyeshana picha za vidonda, wajawazito wakifunzwa kwa makundi ya simu. Nilimweleza yote hayo kwa pumzi moja. Yeye alikuwa anapima tumbo la mama mmoja kwa utepe, na hakuuacha utepe.

Nilipomaliza aliniuliza kama makala hayo yanasema mwanamke ambaye simu yake imekufa chaji anafanya nini. Nilisema hayasemi. Basi, akasema, nikae hapo, tutafute pamoja. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Memware. "We Memware, kuja ushike hii taa." "Memware, umekula?" Hata wagonjwa wakadhani ndilo jina nililobatizwa.

Alikuwa na simu tatu. Ya kwanza, yenye kioo kilichopasuka kama barabara baada ya tetemeko, ilikuwa ya kundi alilolianzisha mwenyewe kabla sijafika. Aliliita Tumbo na Mutoto. Mwanamke aliingizwa siku ya kwanza alipokuja kupimwa mimba na akatolewa mtoto alipomaliza chanjo zake, na siku ya kutolewa kulikuwa na vigelegele vya sauti kwa saa nzima, wanawake wakimuaga mwenzao kama bibi harusi. Simu ya pili ilikuwa ndogo, ya vibonyezo, kwa wale wasio na intaneti. Ya tatu ilikuwa ya familia yake, na hiyo hakuipokea karibu kamwe. Dada yake alijua hilo, kwa hiyo akitaka kuzungumza naye alipiga simu ya wajawazito na kuanza kwa kusema hana mimba.

Na mtu huyohuyo aliyeishi na simu tatu hakuruhusu simu hata moja ndani ya chumba cha kuzalia. Alining'iniza kikapu mlangoni, kila mtu akaacha yake humo. Siku moja mgeni mkubwa kutoka ofisi ya afya alikuja kutembelea kituo, akataka kupiga picha ya kitanda kipya. Mama Tituleri alimnyooshea kikapu. Yule bwana alicheka, akifikiri ni mzaha. Kikapu kikabaki pale pale mbele ya kifua chake mpaka akaiweka simu.

Ijumaa mchana, chanjo zikiisha, ilikuwa saa yangu ya furaha. Alivua viatu, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akauliza: "Haya. Utafiti inasema nini?" Hapo nilimsomea makala, nikiyatafsiri kutoka Kifaransa na Kiingereza hadi Kiswahili chetu, na yeye alibishana na waandishi kana kwamba walikuwa wamekaa kwenye benchi lile lile. Makala moja ilieleza kwamba wauguzi wanaojibu ujumbe wa wagonjwa huchoka kwa sababu kazi haina tena saa ya kumalizika. Alipiga makofi. Alitaka kujua huyo mtu alimwona wapi. Nyingine ilisema wale wasiojua kusoma vizuri husaidika zaidi kwa ujumbe wa sauti. Alishangaa kwamba mtu amejaza kurasa nyingi hivyo ili kusema jambo ambalo mama yeyote wa Birere angemwambia bure. Kisha aliniomba niisome tena, polepole. Aliisikiliza akiwa amefumba macho. Nilimwona anatabasamu kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa ndugu asiyemjua.

Nadhani ndivyo alivyonifundisha kupenda kazi yangu. Chuoni utafiti ulikuwa karatasi. Kwake ulikuwa watu wengine, huko mbali, wanaohangaikia swali lile lile analolihangaikia yeye, na habari zao zikamfikia Ijumaa.

Jambo ambalo makala yalianza kulizungumzia sana wakati huo lilikuwa siri ya mgonjwa: nani mwingine anausoma ujumbe ukishafika? Nilimletea hilo kama habari mpya ya moto. Hakushangaa. Alinieleza kwamba kabla sijaja, mwanamke mmoja aliulizia dawa zake kwenye kundi, dawa ambazo mume hakujua anazimeza. Mume ndiye aliyekuwa ameshika simu siku hiyo. Mwanamke alifukuzwa nyumbani pamoja na watoto wake wawili, na Mama Tituleri alimweka kwake miezi kadhaa. Toka hapo kila aliyeandikishwa aliulizwa kwanza: "Hii simu iko ya nani? Na nani anaisikilizaka?" Kisha alifundishwa neno la siri. Mwanamke mwenye jambo la faragha alituma sauti kuuliza kama sombe imeiva. Mume akisikia, anasikia habari za mboga. Mama Tituleri akisikia, anajua huyu anataka kuonana naye peke yake, na alimjibu sombe itakuwa tayari siku gani na saa ngapi. Niliandika hilo kwenye daftari langu. Sikuwa nimelisoma popote.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mkali, na ukali wake haukuwa na mpangilio. Mwanamke aliyetuma sala ndefu kwenye kundi alikaripiwa mbele ya wote, lakini jirani yake mmoja aliyetuma umbea kila siku hakuguswa, kwa sababu, alisema, umbea wake unachekesha. Na siku moja yeye mwenyewe alifanya kosa lililowatia hofu wanawake wote wa kundi.

Ilikuwa baada ya mlima kutapika. Lava ilikuwa imeshuka, ikameza vijiji na nyumba nyingi na kusimama ukingoni mwa mji, lakini ardhi haikutulia. Ilitikisika mchana kutwa, lami ikapasuka, na kila mtu alikuwa na habari yake. Mama Tituleri, ambaye alikuwa amekataza uvumi kwenye kundi kwa maneno makali kuliko padri, alipokea sauti ya mwanaume asiyemjua, ikisema kwamba ziwa la mji wetu, lenye gesi chini yake, litalipuka saa sita kamili. Akaituma kwenye kundi bila kuuliza. Saa sita ikafika, ziwa likabaki ziwa. Lakini kufikia hapo wanawake wenye matumbo makubwa walikuwa wamekwisha kukimbia kwenye mawe makali, na mmoja alianguka akavunjika mkono.

Alianza kurekodi sauti za kuomba radhi. Nilimshauri atume moja tu kwenye kundi, itawafikia wote. Alikataa. Alisema alimtisha kila mmoja, basi atamwomba radhi kila mmoja. Alisimama wima pale kwenye baraza, ardhi ikitikisika chini ya miguu yake, akasema jina la mwanamke, akasema, "Nilikutumia uongo. Niliogopa. Unisamehe," akatuma, akaenda kwa anayefuata. Aliyevunjika mkono alimwendea kwa miguu.

Siku chache baadaye tuliambiwa tuhame mji asubuhi hiyo hiyo. Watu walimwagika barabarani, wengi wakielekea Sake, wengine mpakani, wengine bandarini. Mama Tituleri alikuwa na ndugu Kiwanja na wazazi wangu walikuwa Bunagana, barabara ni moja, kwa hiyo tulipanda lori moja la magunia, mimi nimeshika simu ya vibonyezo na yeye ile ya kioo kilichopasuka.

Hatujafika mbali, ikaingia sauti ya mwanamke mzee. Alisema yuko Sake, ndani ya darasa la shule lililojaa wakimbizi. Mke wa mwanawe, ambaye alikuwa mmoja wa kundi letu, amejifungua sakafuni, mtoto mzima, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikomi. Nyuma ya sauti yake tulisikia mtoto analia na watu wanaambizana wasogee.

Mama Tituleri aligonga paa la lori kwa ngumi mpaka dereva akasimama, kwa sababu hapo mtandao ulikuwepo na mbele haujulikani. Abiria walilalamika. Alisimama juu ya magunia, akanyoosha blauzi yake, akakohoa.

"Mama, sikia. Weka mutoto kwa ziwa sasa hivi, anyonye. Kisha mama yake akojoe, hata kama iko mbele ya batu. Kisha weka mukono chini ya kitovu, sugua kwa nguvu mpaka tumbo ikuwe nguvu kama ngumi. Usiache kusugua. Niambie."

Akatuma, kisha bila kupumua akageukia kundi. Hakuomba sala wala ushauri. Aliuliza nani yuko Sake. Nilikuwa nazitazama alama za kuonyesha ujumbe umesikilizwa zikigeuka rangi moja baada ya nyingine, wanawake waliotawanyika kila upande wa mji wakisikiliza kwa wakati mmoja, wengine barabarani na magodoro kichwani. Mmoja akajibu kwamba kaka yake ana pikipiki Sake. Mwingine akasema anamjua muuguzi wa pale, amemwona nusu saa iliyopita, ana sanduku lake. Wa tatu alikuwa ndani ya shule ile ile, darasa la jirani, akasema anakwenda kumshika mkono. Mimi nilipiga simu, nikaelekeza, nikapiga tena. Dereva alikuwa ameshuka kwenye kiti chake na kusimama chini yetu, akiuliza imekuwaje. Abiria waliolalamika walikuwa wamenyoosha shingo.

Sauti ya yule mzee ikaja tena. Tumbo limekuwa gumu. Damu imepungua. Muuguzi ameingia na sanduku, anamchoma sindano.

Mama Tituleri alikaa ghafla juu ya gunia la maharage. Lori zima lilipiga makofi, watu wasiojua hata jina la mgonjwa. Mimi nililia, nikacheka, nikaanza kumweleza jirani yangu, mzee mwenye kuku wawili, kwamba hiki ndicho ninachokisoma chuoni, hiki hiki. Aliniambia niwe mwangalifu na kuku.

Nilikuwa na hamu ya kuyaandika hayo yote, na tuliporudi mjini niliyaandika kwa muda. Kisha vita vikaja. Waasi walichukua Bunagana, wazazi wangu wakakimbia na nguo walizovaa. Miezi ilivyopita vita vikaendelea kusogea, na kambi za waliokimbia zikazunguka Goma. Kundi liliongezeka kuliko wakati wowote, maana wajawazito kutoka Rutshuru na Masisi walikuja kituoni kila siku. Lakini sasa simu ilikuwa kitu cha hatari. Kwenye vizuizi vya barabarani watu wenye silaha walifungua simu za wapita njia, wakasikiliza.

Mwanamke mmoja wa kundi alikamatwa kwenye kizuizi kimoja. Walisikia kwenye simu yake sauti ikisema mzigo umefika, mje mmoja mmoja, msije kwa wingi. Ulikuwa mzigo wa vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito. Wao hawakuamini. Mama Tituleri alikwenda mwenyewe, na mimi nyuma yake. Alimwomba mkuu wao asikilize ujumbe wote, toka mwanzo. Akakaa kwenye jiwe akingoja. Wakaanza: habari za choo kigumu, habari za chuchu zilizopasuka, maelezo marefu ya mama mmoja kuhusu bawasiri. Askari mmoja alitazama pembeni. Baada ya muda mkuu wao alisema inatosha, akarudisha simu kwa ncha za vidole.

Tuliporudi kituoni sote watatu tulicheka mpaka tukashikana. Lakini Mama Tituleri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Kesho yake aliwaaga wanawake wa kundi. Alisema kwa dakika moja kwamba kundi linakufa leo, kila mmoja afute kila kitu, na anayetaka sombe aje kwa miguu.

Nilimsihi aninakilie ujumbe kwanza. Ulikuwa utafiti wangu wote, sauti za miaka. Alinitazama kwa huruma, na akazifuta mbele yangu, kidole chake kikishuka bila haraka.

"Memware yako utaandika ingine," alisema. "Huyu mama, nitamupata wapi mwingine?"

Nilikasirika naye siku tatu. Nilikuwa nimebaki na daftari la hesabu tu, lisilo na majina. Kwa daftari hilo nilimaliza, nikatetea kazi yangu, nikapewa alama nzuri. Yeye hakuwepo ukumbini. Mapigano yalikuwa yamefika mjini, kituo kikavunjwa milango, na nilisikia amekwenda Kiwanja.

Nilimwona mara ya mwisho huko, mwaka huu. Aliniitisha kupitia dereva wa pikipiki, na neno lake lilikuwa fupi: nije, na nilete kile kitabu. Ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta kwenye chumba nyuma ya wauza mahindi, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinikumbatia haraka, akaniketisha kwenye kiti, na ndipo nilipoona kwamba chumba kimejaa wanawake. Nilitambua sura kadhaa. Walikuwa wale waliokuwa wamekimbilia Goma wakati wa vita, wakaingia kwenye kundi huko, na sasa walikuwa wamerudi kwenye mashamba yao.

"Waliandikwa, hawajasomewa," alisema. "Basomee."

Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Nilifungua memware na kuanza kuitafsiri, nikichagua maneno kwa uangalifu zaidi kuliko mbele ya maprofesa. Walisikiliza vizuri. Walicheka penye kuchekesha. Nilifika kwenye jedwali nililojivunia kuliko yote, lile la ujumbe wa kuwaita wajawazito waje kupimwa. Nilisoma kwamba wengi hawakujibu, na kwamba mimi niliwahesabu hao kama wanawake ambao ujumbe haukuwafikia.

Mwanamke mmoja karibu na mlango, vidole vyake vina udongo wa vitunguu, aliinua mkono. Aliuliza kama na yeye yumo humo. Mama Tituleri alimjibu kwamba yumo sana, alikuwa hajibu kamwe, na alimkaripia kwa hilo mara nyingi. Nikaongeza kwamba sikuandika majina, lakini kama hakujibu, basi yuko kwenye mstari wa wale ambao hawakufikiwa.

Alifuta udongo vidoleni kwa kitenge.

"Lakini mi nilijibu," alisema. "Nilikuja."

Sauti zikaanza kutoka kila kona. Na mimi. Na mimi nilikuja. Mwingine alisema simu ilikuwa ya jirani, jirani akampigia kelele juu ya ua, akaondoka hapo hapo, angejibu kwa simu ipi? Mwingine alisema alimtuma dada yake aliyekuwa na mimba pia, na dada akaja. Nilitazama jedwali langu na kuona linageuka juu chini mbele ya macho yangu, na badala ya aibu nilisikia furaha kama ile ya juu ya lori. Nilimtazama Mama Tituleri. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Yeye pia hakujua kwamba kuja ndiko kulikuwa kujibu. Miaka yote hiyo alikuwa amewakaripia watu waliokuwa wamesimama mbele yake.

Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, goti kwa goti.

"Andika," alisema. "Tuanze na huyu."

Niligeuza memware, nyuma ya ganda kulikuwa kweupe. Nikamwuliza mwanamke wa vitunguu alitokea kambi gani siku ile, na alitembea muda gani kufika.